Gari linazima likipata moto: nilivyothibitisha kuwa sensa ya kranki ndiyo iliyokufa, na nilivyoibadilisha

Wanajamvi, habari zenu.

Ninaandika uzi huu kwa ajili ya yeyote ambaye gari lake linazima ghafla likishapata moto, kisha linakubali kuwaka baada ya kupumzishwa, na ambaye ameshauliza watu watatu akapewa majibu matatu. Mimi niliambiwa ni pampu ya mafuta, nikabadilisha pampu ya mafuta, na siku mbili baadaye gari likazima tena nikiwa barabarani. Ubaya ulikuwa kwenye sensa ya krankishafti (kranki kwa kifupi, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), kidude kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, kinachoshikiliwa na bolti moja tu. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Kilichonichukua wiki tatu ni kuwa na uhakika kwamba ni yenyewe, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Gari ni la petroli, silinda 4, gia za mkono. Siku ya kwanza lilitembea vizuri kwa dakika 40 hivi, kisha injini ikakata kama vile mtu amezima swichi. Haikukohoa, haikuvutavuta, haikupungukiwa nguvu kwanza. Nilipopiga stata, injini ilizunguka vizuri bila kuonyesha dalili ya betri kuchoka, lakini haikuwaka. Baada ya nusu saa iliwaka kwa mkupuo mmoja, ikanguruma kama kawaida yake, na taa ya injini kwenye dashibodi haikuonekana kabisa.

Fundi wa kwanza alikuwa makini kuliko wengi niliowahi kukutana nao, kwa hiyo sisimulii haya ili kumdharau. Alisubiri gari lizime, akafungua kifuniko cha pampu chini ya kiti cha nyuma, akaweka mkono juu yake. Swichi ilipowashwa pampu ilitetemeka kwa takribani sekunde 2, ikanyamaza. Stata ilipopigwa, haikutetemeka tena. Akahitimisha kuwa pampu inakufa ikipata joto, na kwa kuwa pampu nyingi za umeme hufa kwa namna hiyohiyo, nilimwamini.

Tulichokisahau sote wawili ni kwamba pampu haijiamulii. Kompyuta ya injini huiwasha kwa sekunde chache swichi inapowashwa ili kujaza presha kwenye mfumo, kisha huizima na kusubiri ushahidi kwamba injini inazunguka. Ushahidi huo hutoka kwenye sensa ya krankishafti. Sensa ikinyamaza, kompyuta huamini kwamba injini imesimama hata kama stata inaizungusha, na kwa sababu za usalama hukata umeme wa pampu, hukata cheche za plagi, hukata upuliziaji wa mafuta, vyote kwa pamoja. Pampu iliyokaa kimya wakati wa stata, basi, inaweza kuwa nzima kabisa lakini imenyimwa umeme. Kama tungepima volti kwenye soketi yake wakati stata inazunguka, tungekuta hakuna kitu, na tungejua kwamba tatizo liko mbele zaidi. Kipimo hicho ni cha dakika 5. Hatukukifanya.

Kwa wasioifahamu sensa hii, nitaeleza inavyofanya kazi, kwa sababu vipimo vyote nitakavyovitaja baadaye vinategemea hapo. Kwenye krankishafti, ama mbele karibu na puli, ama nyuma kwenye flaiwili (gurudumu zito upande wa gia boksi), ama katikati ya bloku, kuna gurudumu la chuma lenye meno. Mpangilio unaopatikana kwenye magari mengi ni wa nafasi 60 ambazo 2 kati yake zimeachwa bila meno, hivyo yanabaki meno 58, na kila jino linawakilisha nyuzi 6 za mzunguko. Pengo la meno mawili ndilo alama inayoijulisha kompyuta kwamba kranki imefika mahali fulani maalumu. Mpangilio mwingine unaojulikana sana ni wa 36 kasoro 1. Sensa hukaa mbele ya meno hayo bila kuyagusa, kwa nafasi ambayo mara nyingi ni kati ya milimita 0.5 na 1.5.

Sensa ya gari langu ni ya aina ya zamani, yenye sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba. Jino likipita mbele ya sumaku, koili huzalisha umeme wake yenyewe wa mkondo geu, bila kuhitaji kupewa umeme kutoka popote. Kwa mzunguko wa stata, tuseme mizunguko 200 kwa dakika, meno 58 hutoa mapigo 193 hivi kwa sekunde. Aina ya pili hutumia kanuni ya Hall, yaani kipande cha elektroniki kinachohisi mabadiliko ya sumaku: hupewa umeme wa volti 5 au 12, na hutoa ishara ya kuwaka na kuzima yenye kingo kali. Aina hizi mbili hazipimwi kwa njia moja, na kuzichanganya ndiko kunakozalisha nusu ya ushauri mbovu ninaousoma humu mitandaoni.

Sasa nirudi kwenye gari. Baada ya pampu mpya kutosaidia, niliamua kuacha kununua spea na kuanza kutazama. Jambo la kwanza lililonifungua macho halikuhitaji kifaa chochote. Gari lilipozima tena nilikuwa kwenye mteremko, gia ya tatu ikiwa imeingia na klachi ikiwa juu, kwa hiyo magurudumu yaliendelea kuizungusha injini. Hata hivyo mshale wa geji ya mizunguko ulianguka hadi sifuri papo hapo. Hilo haliwezekani kama tatizo ni mafuta: injini iliyokosa mafuta huku ikiburutwa na magurudumu bado inazunguka, na mshale hushuka polepole kadiri mwendo unavyopungua. Mshale ulioanguka ghafla wakati injini inazunguka maana yake ni kwamba anayehesabu mizunguko amepofuka. Nilipoegesha na kupiga stata, mshale haukutikisika hata kidogo. Ninatahadharisha kwamba kwenye baadhi ya magari mshale haunyanyuki wakati wa stata hata mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo ni vyema ukaangalia kwanza tabia ya gari lako likiwa halina hitilafu kabla ya kulitumia hilo kama ushahidi.

Jambo la pili lilikuwa mashine ya kupimia. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na yale ya Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, na skana ndogo ya kawaida inatosha. Nilikuta msimbo P0335 ukiwa kwenye orodha ya misimbo inayosubiri kuthibitishwa. Ndiyo maana taa haikuwaka: makosa mengi huhitaji kujirudia katika safari mbili zinazofuatana kabla kompyuta haijawasha taa, na misimbo ya namna hiyo huonekana tu ukiitafuta.

Hapa ninaomba tusomeane taratibu. P0335 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba kuna hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa ya krankishafti, na mzunguko huo una sensa, soketi, waya mbili au tatu zinazopita karibu na joto la egzosi, soketi ya kompyuta, na kompyuta yenyewe. Mtu anayenunua sensa kwa kusoma msimbo peke yake anacheza kamari, ingawa ni kweli kwamba mara nyingi anashinda. Baada ya kulipia pampu nisiyoihitaji, mimi sikuwa tayari kucheza tena.

Kwenye skana hiyohiyo nilifungua ukurasa wa taarifa za papo kwa papo, nikachagua kipengele cha mizunguko ya injini, kisha nikapiga stata gari likiwa limepoa. Ilisoma kati ya 190 na 220. Niliendesha mpaka likazima, nikapiga stata tena: sifuri. Stata ileile, injini ileile inayozunguka mbele ya macho yangu, na kompyuta inaona sifuri. Kuanzia hapo pampu, plagi na koili za plagi zilitoka kwenye orodha ya washukiwa.

Ilibaki kutenganisha sensa na waya zake, na hapo ndipo multimita ilipoingia. Nilichomoa soketi ya sensa injini ikiwa baridi na swichi imezimwa, nikapima ukinzani kati ya pini zake mbili, nikapata ohmu 870. Thamani sahihi hutofautiana sana kutoka gari moja hadi jingine, kuanzia ohmu mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, kwa hiyo tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako badala ya kuichukua namba yangu. Nilipima pia kati ya kila pini na bodi ya injini. Hapo panatakiwa pasiwe na njia kabisa, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa vipimo hivyo vya ubaridi sensa ilionekana nzima, na ninaamini watu wengi huishia hapo na kuisamehe.

Nilipima tena gari lilipozima. Multimita haikuonyesha namba yoyote, yaani njia ilikuwa imekatika ndani ya sensa. Dakika 25 baadaye namba ilirudi. Baadaye, nilipokuwa nimeshaitoa, nililirudia jaribio hilo mezani kwa kuipuliza sensa kwa mashine ya kukaushia nywele: ukinzani ulipanda taratibu kutoka 870, ukafika 1,050 hivi, kisha ukatoweka ghafla. Ule upandaji wa taratibu si ugonjwa. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo sensa nzima ya ohmu 870 kwenye nyuzi 25 hutarajiwa kusoma zaidi ya 1,100 ikifika nyuzi 95. Ugonjwa ni ule mkatiko: waya mwembamba uliovunjika ndani ya plastiki, ambao ncha zake hugusana zikiwa baridi na kuachana plastiki inapotanuka.

Upande wa waya nilipima kutoka soketi ya sensa hadi soketi ya kompyuta, kila waya peke yake, huku nikiutikisa mkonga mzima wa waya. Njia ilikuwa safi, chini ya ohmu 1, na hakuna waya uliogusa bodi wala kugusana na mwenzake. Ukifanya hivi, chomoa soketi zote mbili kwanza. Usipime ukinzani kuelekea ndani ya kompyuta.

Sasa kazi yenyewe ya kubadilisha, ambayo nitaipitia haraka. Nilisubiri injini ipoe kabisa, nikatoa waya hasi wa betri, nikainua gari na kuliweka juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Sensa yangu iko nyuma, juu ya nyumba ya flaiwili, na hufikiwa kutoka chini kwa mkono ulioinama vibaya. Kidude cha kufungia soketi kilikuwa kimekauka kwa joto, nikakibonyeza kwa bisibisi nyembamba polepole ili kisivunjike. Bolti ilikuwa ya spana namba 10 na ilitoka bila ugomvi. Sensa ndiyo iliyogoma.

Baada ya miaka mingi oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, huwa ngumu kama mfupa, na uchafu huishika plastiki kwenye tundu lake. Kosa kubwa ni kuikwanyua kwa bisibisi, kwa sababu kichwa hukatika na ncha hubaki ndani, na hapo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya kushusha gia boksi. Nilipulizia dawa ya kulegeza kutu kuzunguka ukingo, nikasubiri robo saa, kisha nikaizungusha kushoto na kulia kwa mkono, milimita chache kila upande, bila kuivuta. Ilipoanza kuzunguka kirahisi, ndipo nilipoivuta huku nikiendelea kuizungusha.

Kabla ya kuweka mpya niliziweka zote mbili sambamba na kulinganisha urefu wa ncha, umbo la soketi na mahali pa tundu la bolti. Tofauti ya milimita moja kwenye ncha inatosha kuifanya ishara iwe dhaifu, au meno yaikwangue sensa siku ya kwanza. Nilipima ukinzani wa mpya kabla ya kuifunga, nikapata 880. Nilisafisha tundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nikapaka oringi mpya tone la oili safi, nikaisukuma sensa kwa kidole mpaka ikakaa kwenye kitako chake. Isipokaa kwa kidole, usiivute kwa bolti. Kuna kitu kinaizuia. Bolti yenyewe ni ndogo na kwa kawaida huhitaji nyutoni-mita 8 hadi 10 tu. Mwisho niliurudisha waya kwenye vibanio vyake vya asili, mbali na egzosi, kwa kuwa fundi wa zamani, sijui ni nani, alikuwa ameuacha ukining'inia.

Nilifuta msimbo, nikawasha, nikaendesha kwa saa moja na nusu huku skana ikirekodi mizunguko. Haikusoma sifuri hata mara moja. Leo ni mwezi wa pili. Fahamuni tu kwamba baadhi ya magari huhitaji kufundishwa upya tofauti ndogondogo za gurudumu la meno kwa kutumia skana kubwa zaidi baada ya sensa kubadilishwa, langu halikuhitaji.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, nimekuelewa vizuri mpaka kwenye multimita. Sensa ya gari langu ina waya tatu. Nimepima ukinzani kati ya pini zote na ninapata namba za ajabu, mara megaohmu 2, mara hakuna kitu. Je, nihesabu kwamba imekufa? Gari langu halizimi, bali linachelewa kuwaka asubuhi, stata inazunguka sekunde 5 au 6 ndipo linawaka, na skana inaonyesha P0335.

Mwanzisha uzi

Usiihukumu kwa ukinzani, ndugu yangu. Ukiwa na waya tatu inawezekana sana kwamba ni aina ya Hall, ambayo ndani yake kuna saketi ya elektroniki, na ohmu unazozisoma hazina maana yoyote. Iache soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila kupiga stata, kisha pima upande wa waya wa gari: pini moja iwe na volti 5 au 12 kulingana na gari, nyingine iwe ethi nzuri (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari), na ya tatu ndiyo ya ishara, ambayo mara nyingi nayo husoma volti kwa kuwa kompyuta huishikilia juu. Volti na ethi zikiwepo, rudisha soketi, choma sindano nyembamba nyuma ya waya wa ishara, kisha mwombe mtu azungushe krankishafti taratibu kwa spana kwenye puli. Volteji inatakiwa iruke kutoka karibu na sifuri hadi juu na kurudi, kila jino linapopita. Ikiganda upande mmoja, mshuku sensa. Kama volti 5 hazipo, usinunue sensa kwanza, kwa kuwa umeme huo hugawanywa kwa sensa nyingine kadhaa, na mojawapo ikipiga shoti huziangusha zote.

Kuhusu kuchelewa kuwaka, dalili hiyo inaendana na P0335. Baadhi ya kompyuta zikikosa ishara ya kranki hujaribu kutumia sensa ya kamshafti (mhimili unaofungua vali) kukisia mahali injini ilipo, na ukisiaji huo huchukua mizunguko kadhaa.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni fundi umeme wa magari, na uzi huu nimeupenda, ila nina mambo mawili ya kuongeza na moja la kupinga.

La kwanza: si kila sensa ya waya tatu ni ya Hall. Zipo za koili zenye waya wa tatu ambao ni ngao tu ya kuzuia mwingiliano wa umeme wa plagi. Ukipima pini mbili ukapata ohmu mia kadhaa zilizotulia, na ya tatu haina njia na yoyote kati yake, hiyo ni koili. Kwa hiyo ushauri wa kutafuta volti kwenye kila sensa ya waya tatu unahitaji tahadhari. Tazameni mchoro wa umeme kwanza.

La pili: sensa ikibadilishwa na tatizo likabaki, angalieni meno yenyewe. Nimeshuhudia magari yaliyotoka kubadilishiwa klachi yakija na P0336, yaani ishara ya kranki ipo lakini si sahihi, na ndani ukakuta jino limepindwa wakati gia boksi linarudishwa, au ncha ya sensa imevaa unga wa chuma kwa sababu ni sumaku na hukusanya kila kinachoruka. Unga ukifutwa, gari linapona bila spea yoyote. Na wale wanaokata waya na kuunga upya, kumbukeni kwamba kwenye sensa ya koili waya mbili hazibadilishani nafasi. Ukizigeuza, wimbi hugeuka juu chini, kompyuta husoma jino mahali pasipo penyewe, na injini ama haiwaki au inapishana taimingi.

Ninachopinga ni kuwa kipimo cha ukinzani kinatosha. Hakitoshi hata kwa aina ya koili. Sensa inaweza kuwa na ohmu sahihi kabisa huku sumaku yake imedhoofika au ncha imepasuka. Weka multimita kwenye mkondo geu, soketi ikiwa imechomolewa, piga stata, na utazame volteji inayozalishwa. Ukiona chini ya robo volti huku stata inazunguka vizuri, ningeishuku hata kama ohmu zinapendeza.

Mwanzisha uzi

Mkuu, masahihisho nimeyapokea yote. Kipimo cha mkondo geu nilikifanya mara moja tu, gari likiwa baridi, nikapata karibu volti 1, kisha nikakisahau kwa sababu jibu la joto lilikuwa wazi mno. Ningeanza upya leo, ningekiweka kabla ya ohmu.

Mchangiaji wa 4

Wakuu, mimi skana inanipa P0016. Nimeshabadilisha sensa ya kranki na ya kamshafti, zote mpya, na msimbo unarudi baada ya dakika 10. Je, nimeuziwa sensa mbovu mbili?

Mchangiaji wa 3

Hapana, mkuu. P0016 inasema kwamba kranki na kamshafti hazikubaliani kuhusu mahali zilipo. Yaani sensa zote mbili zinasema, na zinasikika, ila zinachosema kinapingana. Hapo mara nyingi sensa ni mjumbe tu. Angalia kama taimingi cheni, inayounganisha kranki na kamshafti, imelegea au imeruka jino, angalia kiwango na usafi wa oili, na kama gari lina mfumo wa kubadilisha taimingi ya kamshafti kwa presha ya oili, angalia vali yake ya oili haijaziba. Na ninakuomba usiendelee kuliendesha mpaka cheni ikaguliwe, kwa sababu kwenye injini ambazo pistoni na vali hugongana cheni ikiruka zaidi, hutazungumzia tena sensa.

Mchangiaji wa 5

Kuna mtu aliniambia nimwagie sensa maji baridi gari likizima, na kwamba likiwaka upesi basi ni sensa. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Wazo lenyewe lina msingi, kwa sababu ukipoza sensa peke yake na injini ikawaka wakati sehemu nyingine zote bado zina moto, umeshatenganisha mshukiwa. Tatizo ni maji. Ya baridi yakiangukia egzosi yenye moto yanaweza kuipasua, na yakiingia kwenye soketi yanakuletea hitilafu ya pili. Kama ni lazima, tumia kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa, kiguse sensa tu, na mikono iwe mbali na feni, kwani nyingi huwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kwangu mimi skana kwenye ukurasa wa mizunguko ilinipa jibu hilohilo nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mchangiaji wa 2

Ninaleta mrejesho. Mchoro umethibitisha kuwa yangu ni ya Hall. Umeme wa volti 5 upo, ishara inaruka vizuri krankishafti ikizungushwa kwa mkono, lakini ethi ilikuwa inasoma volti 1.4 badala ya sifuri. Nimeufuata waya huo hadi mahali unapofungwa kwenye bodi, nikakuta bolti imejaa kutu ya kijani. Nimeisugua kwa msasa, nikaikaza, na leo asubuhi gari limewaka kwa nusu sekunde. Sensa niliyokuwa nimeshaiagiza nimeomba isitumwe.

Mwanzisha uzi

Safi sana. Pima ethi hiyo tena stata ikiwa inazunguka, si swichi ikiwa imewashwa tu. Ikibaki chini ya volti 0.1 hapo, lifunge jalada.

Mchangiaji wa 2

Nimepima sasa hivi: 0.03.